Je, wajua? Flaksi sifuri haimaanishi hakuna umeme

Alasiri nyingi za masika, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda juu ya vilima vya Tarime, na mbingu ya Kemambo huanza kunguruma. Sehemu ya chini ya wingu la radi hukusanya chaji hasi, mara nyingi makumi ya kulombi. Tuchukue 20. Izungushie chaji hiyo uso wa kufikirika uliofungwa pande zote, uwe mviringo au wa pembe, mradi usimeze chaji nyingine. Jumla ya uga wa umeme unaoupenya ndiyo flaksi, na jibu ni lilelile: chaji iliyo ndani gawanya kwa namba isiyobadilika, 8.85 × 10⁻¹². Hapa ni kama volti-mita trilioni 2.3, zote zikielekea ndani. Carl Friedrich Gauss aliiandika kanuni hii mwaka 1835.

Sasa chora uso mwingine kwenye hewa tupu ya malishoni, chini ya wingu. Ndani hakuna chaji, kwa hiyo flaksi ni sifuri. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, wakadhani hakuna uga. Ng'ombe 30 wakiingia bomani kwa lango moja na kutokea la pili, hesabu ya waliobaki ni sifuri, lakini kwato zimepita! Vivyo hivyo, uga unaoupenya uso huo hufikia maelfu ya volti kwa kila mita, na mchungaji aliyesimama pale yumo hatarini.

Ndani ya gari lenye bodi ya chuma mambo ni tofauti. Elektroni za chuma husogea mpaka uga wa wingu ufutike karibu wote ndani. Hapo si flaksi pekee iliyo sifuri, uga wenyewe pia ni karibu sifuri. Michael Faraday alilithibitisha hili London mwaka 1836: alijenga chumba chenye upande wa futi 12, akakizungushia waya na karatasi za bati, akaingia na vipimo vyake huku nje cheche zikiruka. Vipimo havikutikisika.

Kwa hiyo kinachomkinga abiria ni bodi, si tairi. Radi hupita juu ya chuma, kisha huruka hadi ardhini. Funga vioo, usiguse chuma cha mlango. Bodaboda haina kinga hiyo. Wala nyumba yenye bati juu na kuta za udongo haina, kwa kuwa bati lake halizingiri chochote.