Ortansia: Panga Si Dawa Yake



Ortansia inapenda baridi ya milima yetu ya Kivu. Lakini wengi wanauliza: juu ya nini majani ni mengi na maua hakuna? Jibu ni hili: tunaikata vibaya. Ua la mwaka huu linatoka kwenye tawi la mwaka jana. Mwenye kufyeka kichaka chote siku ya salongo anatupa maua ambayo yangekuja. Toa tu matawi yaliyokufa, na ua lililokauka ulikate juu kidogo ya macho mawili manene ya karibu. Basi.

Tena kuna mambo ya rangi. Udongo ukiwa na asidi nyingi, mizizi inapata aluminyumu, ua linakuwa buluu. Ukitia majivu ya jikoni mara kwa mara, asidi inapungua, na kichaka kile kile kinageuka waridi. Ile nyeupe haigeuki.

Kupanda si kazi ngumu. Twaa tawi lisilo na ua, sentimita 10 mpaka 15, toa majani ya chini, lichomeke mahali pa kivuli, udongo usikauke. Kisha mwezi mmoja hivi, lina mizizi. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, mwagilia maji asubuhi na kufunika udongo kwa nyasi kavu.

Angalisho: majani yake yana sumu. Usipatie mbuzi, sungura wala dende.

Basi, salongo ijayo, panga lifyeke nyasi za njiani tu.