Tupime Umeme wa Jua

Engaresero ni kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima Oldoinyo Lengai. Huko jua ni kali na vumbi ni jingi. Paneli ya sola hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Betri huuhifadhi kwa matumizi ya usiku.

Taa 3 za wati 5 zikiwaka kwa saa 4 hutumia 3 × 5 × 4, yaani wati-saa 60. Paneli ya wati 20 ikipata jua kali kwa saa 5 hutoa wati-saa zipatazo 100. Baadhi hupotea katika nyaya na betri, lakini zinazobaki zatosha.

Tukiongeza televisheni ya wati 30 kwa saa 3, tutahitaji wati-saa 150. Betri itaishiwa, na taa zitazimika kabla mwanafunzi hajamaliza kusoma. Basi tupime kwanza, kisha tutumie. Tena tufute vumbi kwenye paneli, kwani huzuia mwanga.