Je, Wajua? Rangi Zifichuazo Maradhi

Je, wajua ya kuwa mwili wa binadamu hupukutisha chembe zake kila siku, na kwamba chembe hizo, ambazo mwili umekwisha kuzitupa, zaweza kumwarifu tabibu habari za maradhi ambayo mwenyewe bado hajayahisi? Aliyelidhihirisha jambo hili ni George Papanicolaou, Myunani aliyehamia Marekani mwaka 1913, ambaye, baada ya kuuchunguza kwa hadubini ute wa simbilisi mjini New York, na kisha ute wa wanawake, alizitambua chembe za saratani ya mlango wa kizazi. Alipotangaza habari hiyo mwaka 1928 wengi hawakumjali. Ilimbidi asubiri hadi 1941, alipoandika pamoja na tabibu Herbert Traut, ndipo wakaanza kumsadiki.

Kazi yenyewe ya kuziandaa chembe hizo kwa uchunguzi yataka wepesi wa mkono kuliko watu wadhanivyo. Chembe hukwanguliwa taratibu kwa kijiti bapa, zikapakwa juu ya kioo utando mwembamba, na papo hapo, kabla hazijakauka, kioo hutoswa katika spiriti ya asilimia 95. Kwani zikiachwa zikauke hewani, viini vyake huvimba na kufifia, wala hapana rangi iwezayo kuviponya. Baada ya kutoswa hufuata rangi iitwayo hematoksilini, itokanayo na moyo wa mti wa Amerika ya Kati, nayo huvitia viini buluu iliyoiva. Rangi nyinginezo huzipa chembe changa kijani-samawati, zilizopevuka waridi, na zilizokwisha kuwa ngumu rangi ya machungwa. Chembe ya kutiliwa shaka ni ile yenye kiini kikubwa mno, cheusi, chenye kingo za kombokombo.