Kikombe si Mizani

Muhula uliopita zamu ya kununua vitu vya somo la upishi ilikuwa yangu. Tulikusudia kupika makaroni kwa jibini, na maelezo yetu, yaliyotoka Marekani, yalitaka vikombe 2 vya jibini ya Cheddar iliyokunwa. Nikawaza: kikombe ni kama mililita 250, basi vikombe 2 ni gramu 500. Nikanunua gramu 500, na fedha za darasa zikaisha kabla sijanunua maziwa.

Kosa lilikuwa wapi? Mililita 250 za maji zina uzito wa gramu 250, lakini jibini iliyokunwa si maji. Vipande vyake vyembamba hulaliana ovyo, na katikati hukaa hewa. Hewa hiyo hujaza kikombe, lakini mizani haioni kitu. Kikombe cha Kimarekani, kiasi cha mililita 237, huchukua gramu 113 hivi za Cheddar iliyokunwa, yaani aunsi 4. Vikombe 2 ni gramu 226 tu. Nilinunua zaidi ya maradufu!

Basi, wenzangu, shikeni hesabu hii: zidisheni vikombe kwa 113, mpate gramu, gawanyeni gramu kwa 113, mpate vikombe. Msiishindilie kwa kidole, maana itaingia nyingi zaidi na hesabu itaharibika. Penye mizani, pimeni kabla ya kukuna, uzito haubadiliki.

Mwalimu hakunigombeza. Alinipa kikombe na mizani, akasema, "Pima mwenyewe." Nikapima, nikajua.