Somo la Tisa: Chanjo za Korona na Tofauti Zake

Leo tutajibu swali ambalo wengi waliuliza mwaka 2021, chanjo za korona zilipofika kwetu Afrika Mashariki: kwa nini zilikuwa za namna nyingi, na ipi ilikuwa bora?

Kwanza fahamu jambo moja. Kirusi cha korona kina miiba, na kwa miiba hiyo hujishikiza katika chembe za mwili wako na kuingia. Kazi ya kila chanjo ni kuufunza mwili kuitambua miiba hiyo kabla adui mwenyewe hajafika. Walimu ni mbalimbali, somo ni moja.

Namna ya kwanza ni ya tangu zamani. Virusi hukuzwa, huuawa kwa dawa, kisha hutiwa katika chanjo. Ndivyo ilivyotengenezwa Sinopharm ya China. Mwili humwona adui akiwa maiti, ukaijua sura yake.

Namna ya pili hutumia kirusi kingine kama tarishi, kisichoweza tena kuzaana. AstraZeneca ilitumia kirusi cha sokwe. Janssen ilitumia cha binadamu. Tarishi huyo huchukua maagizo ya kutengeneza mwiba tu, si kirusi kizima cha korona.

Namna ya tatu, yaani Pfizer na Moderna, hupeleka maagizo hayo bila tarishi, yakiwa yamefungwa katika vitone vidogo mno vya mafuta. Yakiisha kutumika, mwili huyavunja.

Tofauti nyingine ni baridi. Mwanzoni Pfizer ilihifadhiwa katika nyuzi 70 chini ya sifuri. Zahanati gani ya shamba ina baridi hiyo? Lakini AstraZeneca, Janssen na Sinopharm ziliweza kukaa katika friji ya kawaida. Kenya ilianza na AstraZeneca Machi 2021. Tanzania ilianza na Janssen Julai 2021. Tena Janssen ilianza kutolewa kwa sindano moja tu, na kwa mtu anayetembea nusu siku kufika zahanati, hilo si jambo dogo.

Je, zilidhuru? Wengi waliumwa mkono au kupata homa kidogo. Wachache sana walipata madhara makali: damu kuganda baada ya namna ya pili, au moyo kuvimba baada ya ya tatu.

Basi, ipi ilikuwa bora? Zote zilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo. Kwa hiyo aliyekataa iliyokuwapo akingoja nyingine, alibaki bila kinga wakati ugonjwa ukipita mlangoni.

Sasa zungumzeni katika vikundi vyenu: je, kijijini kwenu chanjo gani ingeweza kuhifadhiwa, na kwa nini? Kwaherini.