Chokaa ya Bahari: Madini Yanayojenga Viunzi vya Viumbe Wasio na Uti wa Mgongo

Matumbawe, konokono, chaza, kiti cha pweza na viumbe wengine wa baharini wasio na uti wa mgongo hujijengea kiunzi au gamba kwa madini wanayoyachota katika maji yanayowazunguka. Kwa walio wengi madini hayo ni kalsiamu kabonati, yaani ile ile inayochomwa ili kupata chokaa, lakini muundo wake haufanani kwa viumbe wote wala kwa bahari zote.

Kalsiamu kabonati hutokea hasa kwa maumbo mawili. Katika kalsaiti chembe zimepangwa kwa nafasi zaidi, ilhali katika aragonaiti zimebanana, na kwa hiyo aragonaiti ni nzito kidogo, ingawa ndiyo iyeyukayo upesi majini. Kalsaiti nayo huweza kupokea magnesiamu mahali pa sehemu ya kalsiamu yake, na magnesiamu inapokuwa nyingi sana, uimara wake majini hupungua. Matumbawe yajengayo miamba hutumia aragonaiti; kiti cha pweza hutumia kalsaiti yenye magnesiamu nyingi; kome wengi wa baharini huweka kalsaiti upande wa nje na aragonaiti ing'aayo kama lulu upande wa ndani. Wapo pia wasiotumia chokaa kabisa, kama spongi wa kioo, walio wengi katika bahari ya Antaktika, ambao kiunzi chao ni silika, dutu iliyomo pia katika mchanga mwingi.

Mwaka 1954 mwanasayansi wa Marekani, Keith Chave, alionyesha kwamba katika makundi mengi magnesiamu ya kiunzi huongezeka kadiri maji yanavyokuwa na joto. Kwa ujumla aragonaiti na kalsaiti yenye magnesiamu nyingi hustawi katika bahari za tropiki, ilhali katika bahari za ncha za dunia, ambako maji baridi hubeba kaboni dayoksaidi zaidi na kuifanya chokaa iwe ngumu kujengeka, kalsaiti yenye magnesiamu kidogo huwa na nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo joto si sababu pekee, kwa kuwa kila ukoo wa viumbe una desturi yake ya kujenga.

Pwani ya Afrika Mashariki imeyatumia madini haya kwa karne nyingi. Katika majengo ya kale kama yale ya Kilwa Kisiwani, kuta zilijengwa kwa mwamba mkongwe wa matumbawe ulioinuka juu ya bahari, ambao maji ya mvua yaligeuza sehemu ya aragonaiti yake kuwa kalsaiti, ilhali mihrabu na miimo ya milango ilichongwa kwa matumbawe mabichi yaliyokatwa chini ya maji yakiwa bado laini. Huko Malindi, matumbawe yaliyo hai yametunza katika tabaka zake kumbukumbu ya joto la bahari kwa takriban karne mbili.

Tangu mapinduzi ya viwanda, kwa kuwa bahari hunyonya kaboni dayoksaidi itokayo katika moshi, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, na asidi yake imeongezeka kwa karibu asilimia 30. Katika Bahari ya Kusini, konokono wadogo waeleao, wenye magamba membamba ya aragonaiti, wamekwisha kuonekana wakiwa hai huku magamba yao yakimomonyoka. Kiumbe aliyejengwa kwa madini yayeyukayo upesi, katika maji yaliyo baridi zaidi, ndiye wa kwanza kulipa gharama ya moshi wa nchi kavu.