Zima Huo Moto Kwanza

Swali ni lilelile kila mara: “Fundi, king'oa skrubu kimekatikia ndani ya kabureta ya pikipiki. Nikipashe moto kiasi gani ndipo kilainike?” Usikipashe hata kidogo. Nimechoka kupokea kabureta zilizoyeyuka ukingo kwa sababu ya ushauri wa kukipasha moto.

Wanaoutoa wameshika nusu ya ukweli. King'oa skrubu ni chuma cha pua kilichokomazwa, kigumu kiasi kwamba biti ya kawaida ya drili huteleza juu yake, ikaenda upande na kuanza kula ukuta laini wa kabureta. Chuma hicho kikiwiva kikawa chekundu, kisha kikapoa polepole sana, hulainika kweli. Lakini wekundu huo unataka zaidi ya nyuzijoto 700 za Selsiasi, na bodi ya kabureta aghalabu imesubiwa kwa alumini au kwa aloi ya zinki. Alumini huyeyuka kwenye 660, na aloi zake huanza kulegea kabla ya hapo. Aloi ya zinki ya kabureta haifiki hata 400. Utakuwa umeiyeyusha bodi nzima, na king'oa bado kigumu vilevile. Tena alumini haikuonyi. Haiwi nyekundu ukajua uondoe moto. Inabaki na weupe wake, mara inaporomoka.

Kuna wanaokimwagia maji baridi hapohapo “ili kishtuke kiachie.” Jamani! Chuma cha pua kikiwa chekundu ukakizimisha kwenye maji, huko ndiko kukikomaza. Umeunguza gesi ili kirudi kuwa kigumu.

Wala usitie king'oa kingine. Umbo lake ni la kabari: kadiri unavyokaza ndivyo kinavyopanua skrubu na kuibana kwenye thredi, na hicho ndicho kilichokikata cha kwanza.

Fanya hivi. Bana kabureta kwenye jiliwa lenye vibao laini, vaa miwani, kisha kisage king'oa taratibu kwa kichwa cha karbaidi kwenye grainda ndogo, karbaidi inakishinda. Usikipige kwa tindo, bodi itapasuka. Au, kama bodi ni ya alumini, ondoa springi na kila cha chuma, uitumbukize kwenye maji ya moto yaliyokolezwa shabu, ile ya kusafishia maji, katika chombo cha kioo kinachohimili moto, mahali penye hewa. Shabu hula chuma, king'oa pamoja na skrubu yake kama nayo ni ya chuma, na alumini karibu haiguswi. Utaona vipovu vinapanda. Vikikoma kabla chuma hakijaisha, badilisha maji. Huchukua saa nyingi, pengine siku. Bodi ya zinki usiitie humo, italiwa. Utaitambua kwa uzito, kwa ukubwa uleule hushinda alumini zaidi ya mara mbili. Hiyo mpelekee mwenye mashine ya kuchonga kwa cheche za umeme, na bei yake ikizidi ya kabureta mpya, nunua mpya.